Betri moja kwa vifaa vingi vya nyumba na bustani
Anayenunua drili ya betri hununua pia mfumo mzima, kwa kuwa betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja mifumo hutofautiana: betri za Makita za LXT (volti 18) haziingii kwenye vifaa vya XGT (volti 40).

Cha kwanza kupimwa ni nguvu. Volti 18 hutosha kwa drili, taa na mashine ya kupunguzia ua. Mashine ya kukatia nyasi za uwanja mpana huhitaji zaidi, na baadhi ya mifumo hupata volti 36 kwa kuunganisha betri mbili za 18. Betri inayoandikwa volti 20 nchini Marekani mara nyingi ni ileile ya 18, iliyopimwa ikiwa imejaa na haifanyi kazi.

Cha pili ni akiba ya umeme. Volti zikizidishwa kwa ampea-saa hutoa wati-saa: volti 18 kwa ampea-saa 5 ni wati-saa 90.

Cha mwisho ni gharama. Betri ni ghali, hivyo kifaa kinachouzwa bila betri humwokolea fedha mtu ambaye tayari ana betri ya mfumo uleule, mradi betri na chaja halisi za mfumo huo zinapatikana katika maduka ya karibu.