Dishi iwafikie na watoto wa dei kea

Mhariri,

Hapa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, akina mama huacha watoto dei kea alfajiri, kisha hukimbilia foleni za vibarua kwenye malango ya viwanda. Wengine watoto wao wana miezi miwili tu. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu iliyo katika Sheria ya Ajira ya 2007 humfaa aliyeandikwa kazi. Kibarua asipofika, nafasi yake huchukuliwa siku iyo hiyo.

Mtoto hushinda ndani ya chumba cha mabati na wenzake wengi, mlezi akiwa mmoja. Hula alichofungiwa na mama: uji mwepesi chupani, au chai ya rangi na mandazi. Kufika adhuhuri uji umechacha, na maji ya kuosha chupa hubaniwa kwa sababu ni ya kununua kwa mtungi. Basi kuhara hakuishi, na mtoto wa kuhara kila mara hanenepi hata akila. Siwalaumu walezi. Ada tunayowalipa haiwezi kununua mayai na maziwa.

Kinachoniuma ni kwamba kaunti imeshaonyesha inaweza kulisha watoto. Tangu 2023, mpango wake wa Dishi na County huwapikia wanafunzi wa shule za umma chakula cha mchana, mzazi akitoa shilingi 5 kwa sahani. Mwanangu mkubwa hula huko, nami nashukuru kwa dhati. Ila mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu hapati kitu, na huo ndio umri ambao ubongo hukua kwa kasi. Akidumaa kabla ya kutimiza miaka miwili, sahani ya shuleni itamfikia kwa kuchelewa mno.

Jedwali la Nne la Katiba limeweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Basi isajili dei kea zetu, ilete uji wenye lishe na maji safi, na wahudumu wa afya ya jamii wapite kila mwezi na mkanda wa kupima mkono. Mtoto wa miezi sita au zaidi ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 ni mgonjwa wa kukimbizwa kliniki, lakini nani atajua asipopimwa?

Kaunti isije na kufuli. Dei kea ikifungwa, mtoto ataachiwa dada yake wa miaka saba.

Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili kwisha. Wawakilishi wadi wetu watuambie hadharani wametenga shilingi ngapi kwa watoto hawa.

Mama wa watoto wawili,
Mukuru kwa Reuben, Nairobi