Hizo Nazo Ni Hela

Kuna kauli moja nimechoka kuisikia, na huwa inatoka kwa watu wawili wasiopatana kwa lolote lingine. Mzazi anaisema akimkaripia mtoto: "Hizo si hela za kweli." Mtoto naye anaisema akijitetea, usiku wa manane, kidole kimeshafika kwenye kitufe cha kununua pakiti: "Kwani hizi ni hela za kweli?" Wote wawili wamekosea, na kosa lao ndilo linalowanenepesha watengeneza michezo.

Naongelea sarafu za ndani ya michezo ya kadi ya kwenye simu. Najua hapa tumezoea kubishana kuhusu riwaya na tafsiri, lakini leo nivumilieni. Chukua Hearthstone, mchezo wa kampuni ya Blizzard ya Marekani uliotoka mwaka 2014 na kuingia kwenye simu mwaka uliofuata. Unapanga deki ya kadi 30, unapambana na mtu usiyemjua, labda yuko Seoul, labda yuko Nairobi. Ukikamilisha kazi ulizopangiwa unalipwa dhahabu. Dhahabu 100 inanunua pakiti moja, pakiti ina kadi tano, na huzioni mpaka umeshalipa. Kadi usiyoitaka unaivunja inakuwa vumbi. Vumbi likitosha unatengeneza kadi unayoitaka. Uchumi mzima ndio huo.

Hapa Isevya, kijiweni jirani na kibanda cha wakala wa fedha za simu, wanaocheza huo ni wachache, mpwa wangu akiwa mmojawapo. Wengi wako kwenye michezo ya mpira, ambamo kadi ni wachezaji wenyewe, na pakiti inaweza kukupa mshambuliaji wa Ulaya anayeimbwa na dunia au beki ambaye hata mashabiki wa timu yake hawamkumbuki. Kanuni ni ileile: unalipa kwanza, unaona baadaye.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa mtaani alipewa na mama yake shilingi 60,000, sehemu ya ada ya kozi ya ufundi umeme. Mama anauza karanga na asali. Kijana akaiingiza hela kwenye simu, akatengeneza ile kadi ya benki isiyoshikika ambayo siku hizi kampuni za simu zinakupa kwa kubonyeza mara tatu, akanunua sarafu, sarafu zikanunua pakiti. Ilipofika alfajiri hakuna kitu. Mchezo wenyewe siutaji. Mtaa mzima ulimcheka, na mimi nilichokisikia katika kile kicheko ni kauli yetu ileile: eti kapoteza hela za kweli kwa kununua hela za uongo. Hapana. Alibadilisha hela moja kwa nyingine, kwa bei mbaya, dukani kwa mtu anayezichapa zote za upande wa pili. Hiyo ni biashara ya kubadilisha fedha, na ina kanuni zake, na hakuna aliyewahi kumfundisha hata moja kwa sababu wakubwa wake wote waliamua mapema kwamba ni upuuzi.

Hata anayecheza bure, asiyetoa senti, analipa. Ile dhahabu imetoka kwenye saa zake, kwenye bando lake, kwenye chaji ya betri. Siku ya kwanza anashinda mechi tatu, siku ya pili anatimiza jukumu la wiki, mwezi unakatika. Huo ni mshahara, mdogo lakini mshahara. Mtu anayekwambia utumie utakavyo kwa kuwa zimekuja bure ni sawa na mtu anayemwambia kibarua kwamba jasho halina bei.

Tupige hesabu basi, maana wanaosema si hela hawajawahi kuipiga.

Pakiti ya Hearthstone inakuhakikishia kadi moja iliyo adimu au zaidi. Pakiti mbaya kuliko zote, basi, ni kadi nne za kawaida na moja adimu. Ukiivunja ya kawaida unapata vumbi 5; adimu, 20. Jumla 40. Na kutengeneza kadi moja ya kawaida, ile ya chini kabisa, kunataka vumbi 40. Yaani umelipa dhahabu 100, ukabeba mzigo wa kadi tano, ukausaga wote, na mkononi umebaki na kadi moja ya daraja la mwisho. Panda juu: kadi ya ngazi ya lejendari inatengenezwa kwa vumbi 1,600, ukiivunja unapewa 400. Unaua nne upate moja. Duka la kubadilishia fedha ambalo lingenunua dola kwa robo ya bei linayouzia lisingefika adhuhuri bila Benki Kuu kuliwekea kufuli. Huku kwenye simu tunaita burudani.

Nne kwa moja inawezekana kwa sababu mnunuzi ni mmoja tu. Kadi za karatasi, zile zilizoanza na Magic: The Gathering mwaka 1993, unaweza kumuuzia jirani, kubadilishana shuleni, kumrithisha mdogo wako. Kadi ya Hearthstone huwezi kumpa mtu. Inauzwa na kampuni na kununuliwa na kampuni. Mkulima yeyote wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hahitaji shahada kukueleza raha na karaha za soko la mnunuzi mmoja.

Ndiyo maana napingana na wale wanaofungua pakiti YouTube. Mmejua ninaowasema: anafungua 100 kwa mkupuo, anapiga kelele, kadi inawaka rangi ya chungwa, anaanguka kutoka kwenye kiti. Wanauza mwako ule kama vile ndio mchezo. Mchezo ni deki, ni kufikiri hatua tatu mbele. Pakiti ni dubwi lililovaa koti la mchezo. Kijana wa Isevya akiona dubwi halisi dukani, lile la kutumbukiza sarafu, analijua ni nini na anajua wanaolizunguka wanavyoishia. Akiliona kwenye simu, likiwa na muziki na vibwengo, anaambiwa ni zawadi.

Mpwa wangu ana miaka 19 na ndiye mtu mwenye akili ya fedha kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi ofisini, na nimekaa na wahasibu. Anachofanya kinachosha kutazama. Seti mpya ikitoka anafungua pakiti kumi za mwanzo, si zaidi, kwa sababu katika kumi hizo lejendari moja imehakikishwa. Baada ya hapo uhakika unasogea hadi ndani ya pakiti 40, na yeye hana dhahabu 4,000 ya kukimbizana na kadi asiyoichagua. Halafu anasubiri. Anaangalia wiki mbili tatu deki zipi zinasimama na zipi zilikuwa makelele, ndipo vumbi lake linakwenda kwenye kadi moja anayoijua kwa jina. Kadi za ziada havunji haraka: kampuni ikiipunguza nguvu kadi fulani, kwa muda kama wa wiki mbili inakurudishia thamani yote ya kuitengeneza badala ya robo. "Mjomba," aliniambia, "kadi ya ziada ni karanga ghalani, usiuze msimu wa mavuno." Na pakiti za seti iliyozeeka hagusi kabisa. Tangu mwaka 2016 mchezo una uwanja mkuu ambao kila mwaka unazitoa nje seti za zamani. Kadi hazifutwi, bado ni zako, ila pale watu wengi wanapochezea hazipiti.

Hazipiti. Neno hilo lina umri mrefu hapa kwetu kuliko simu.

Burton na Speke walifika Tabora, walioiita Kazeh, Novemba 1857, na miaka kumi na mitatu unusu baadaye akaja Stanley akimtafuta Livingstone. Wote wameandika kwa uchungu mkubwa kuhusu shanga. Msafara haukutembea na noti. Ulitembea na nguo, waya na shanga, na shanga zilikuwa na tabia ya ajabu: kila nchi na yake. Stanley anaeleza jinsi nyeusi zilivyokuwa fedha Ugogo na takataka kwingine. Zile kubwa za mviringo kama yai, sungomaji, zilitakiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa lakini njiani kote hakuna aliyezitaka. Akalazimika, kabla hajatoka Unguja, kukadiria atakaa siku ngapi katika kila nchi ili ajue abebe rangi ipi kiasi gani. Ukikosea hesabu, una wapagazi wenye njaa na magunia ya utajiri usionunua hata unga. Shanga zenyewe nyingi zilitoka Venice. Kule zilikuwa vioo vya bei ya chini. Huku zilikuwa chakula, hongo na njia ya kupita.

Sasa niambieni, mpwa wangu anayekataa kununua pakiti za seti inayokaribia kutoka anafanya nini tofauti na kiongozi wa msafara anayekataa kupakia sungomaji za kwenda Ugogo? Ni elimu ileile: hela yenye thamani kwenye kipande kimoja tu cha njia itumie kwenye kipande hicho, usiilimbikize kwa ajili ya kwingine, na kabla ya yote ujue nani anaamua nini kinapita. Babu zetu wa Unyamwezi, waliobeba mizigo ile hadi pwani na kurudi, walijua kwamba ushanga si mchezo ingawa ni kipande cha kioo. Hakuna aliyewaambia hizo si hela za kweli.

Na tusidanganyike na jina. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na wameishiwa sarafu, waligonga hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Serikali iliyoigonga ikaondoka, lakini tembo yule hadi leo ana thamani kwa sababu dhahabu yake ni dhahabu hata ukiiyeyusha. Dhahabu ya simu imeazima jina tu. Siku mwenye mchezo akizima mitambo, hakuna cha kuyeyusha. Kwa hiyo kanuni yangu kwa vijana wa kijiweni ni kali na sina nia ya kuilainisha: kinachopatikana ndani kitumike ndani, kwa hesabu; shilingi isivuke mpaka. Mwaka 2022 Hearthstone wenyewe waliongeza sarafu nyingine, Runestones, unayoinunua kwa fedha halisi kwanza ndipo ununue vitu. Kila daraja linaloongezwa kati ya shilingi na pakiti linakusaidia usahau umetoa shilingi ngapi. Ndiyo kazi yake.

Lakini pia sikubaliani na wale wanaohubiri busara ya mchezaji na kuishia hapo. Huwezi kumwachia kijana wa miaka 15 apambane peke yake na kampuni iliyoajiri watu wa kupima kidole chake kinatetemeka wapi. Wenzetu wameliona. Japani mwaka 2012 iliipiga marufuku aina moja ya bahati nasibu za michezo ya simu, ile ya kukusanya seti kamili upate zawadi kubwa. China tangu Mei 2017 inazilazimu kampuni zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo. Ubelgiji, haohao walioingia Tabora 1916, tume yao ya kamari ilisema mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya kulipiwa katika michezo kadhaa ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko sarafu za mchezo wake wa FIFA. Dunia haikuanguka. Watoto wa Brussels bado wanacheza mpira kwenye simu.

Sisi tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003. Dubwi linahitaji leseni. Duka la mikeka linahitaji leseni, na mtoto haruhusiwi. Pakiti ya kwenye simu, ambayo unatoa hela, unapata kitu kwa bahati, na kilichomo hujui, inaingia kwa mtoto wa darasa la sita bila hodi. Kama kile chumba chenye dubwi ni kamari, nielezeni tofauti. Jibu la kwamba ndani kuna sarafu si fedha silitaki, tumeshalimaliza. Nataka uwezekano uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na bei iandikwe kwa shilingi pale pale penye kitufe.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, alisoma rasimu hii akaniambia nawanyima watu raha. Kwamba kufungua kitu usichokijua ni furaha ya kitoto na binadamu anaihitaji. Nakubali anaihitaji. Mpwa wangu pia anaihitaji, ndiyo maana ameitengea fungu: Ijumaa moja, pakiti moja, dhahabu 100, imekwisha. Anaiita pesa ya soda. Wiki iliyopita aliifungua tukiwa tumekaa wote nje, akaniita nishuhudie. Zikatoka nne za kawaida na moja adimu.