Ushahidi Haupotei Wenyewe

Mshukiwa wa mauaji akiachiliwa hapa Kenya, hasira zote humwangukia jaji. Ati amekula hongo, ati ana roho ya jiwe. Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hiyo haikuwa digrii ya sheria. Lakini hukumu ni maandishi kama maandishi mengine, na ukizisoma utaona jaji ndiye wa mwisho kwenye foleni. Anapimia kilichomfikia tu.

Kinachoniudhi ni yale maneno mawili, "ushahidi hautoshi". Yanasemwa kama mtu anayesema mvua haikunyesha. Hayana mtendaji. Nani alifika kwanza penye maiti? Nani alikanyaga hapo, nani aliandika nini?

Chukua kesi ya Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje. Alitoweka kwake Koru Februari 1990, na mwili wake ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila ukiwa na jeraha la risasi kichwani na umechomwa moto. Serikali ikaanza na hadithi ya kujiua. Soma tena, polepole: kujiua. Ilibidi John Troon wa Scotland Yard aletwe kutoka Uingereza ndipo iandikwe kwamba huyu mtu aliuawa. Tume ya uchunguzi ikaundwa, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja. Nicholas Biwott na Hezekiah Oyugi wakakamatwa, wakakaa ndani wiki mbili, wakaachiliwa. Sababu? Unaijua.

Aliyefikishwa mahakamani ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Kesi ya kwanza ilikatika jaji alipofariki, ikaanzwa upya, na mwaka wa 1994 Anguka akaachiliwa huru. Jaji angefanya nini? Amfunge mtu ndiyo taifa lilale vizuri? Wenye kusema "afungwe tu, lazima anajua kitu" hawajawahi kufikiria kwamba siku moja watakuwa wao kizimbani. Anguka alikaa rumande miaka, na familia ya Ouko haikupata jibu. Uzembe ule ule uliwaumiza wote wawili, na sina hakika uzembe ndilo neno lenyewe.

Usiniambie ni umaskini wa vifaa. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016. Kimani, akiwa amefungiwa kwenye kambi ya polisi Syokimau, aliandika ujumbe kwenye kipande cha tishu akakirusha nje. Tishu, jameni. Mtu akakiokota, akapiga simu, na kikafika mahakamani pamoja na rekodi za simu. Upande wa mashtaka ukaita mashahidi zaidi ya 40. Julai 2022 washtakiwa wanne kati ya watano wakapatikana na hatia, watatu wao polisi. Wa tano aliachiliwa, na sawa tu: dhidi yake ushahidi haukufika. Hivyo ndivyo maneno yale yanavyopaswa kutumika, baada ya watu kufanya kazi yao.

Lakini hiyo kesi ilikuwa na mawakili na mashirika yaliyojaa mahakamani miaka sita. Kijana wa Mathare akipigwa risasi usiku ana nani? Mara nyingi wanaofika kwanza ni karao wa kituo kile kile, na ndio wanaobeba mwili na kuandika ripoti. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha mwaka wa 2017, kisha ikakaa miaka na miaka bila kutekelezwa. Mtu akikwambia tena kwamba ushahidi hautoshi, muulize nani alifika kwanza, na alitumwa na nani.