Mwaka Mpya wa Masomo Usiwakute Vijana Wetu Gatini

Msimu wa kufunguliwa vyuo vikuu umewadia. Huu ndio wakati ambao ratiba za mihadhara hupangwa, vyumba husafishwa, vitabu huhesabiwa, na vijana waliomaliza Kidato cha Sita kwa alama nzuri hukaa macho wakingojea kuona majina yao katika orodha ya waliochaguliwa. Huko Tunguu, Beit el Ras na Chukwani, na katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa kisiwani Pemba, wakuu wa vyuo wana shughuli nyingi, na hapana shaka kwamba wengi wao wanazifanya kwa moyo.

Sisi tunapenda kuyatazama matayarisho hayo kwa jicho jingine. Kwa maoni yetu, chuo hakiwi tayari kwa sababu tu kuta zake zimepakwa chokaa na Mkuu wake amekwisha kuandika hotuba ya kuwakaribisha wageni. Chuo huwa tayari siku ile ambapo mtoto wa mvuvi wa Kojani, au wa mkulima wa mwani wa Jambiani, anaweza kuketi katika mhadhara wa kwanza pamoja na mwenziwe wa mjini, akiwa ana mahali pa kulala, amekula, na moyo wake umetulia. Hicho ndicho kipimo tunachoomba Serikali, vyuo na wananchi wakitumie mwaka huu.

Tulikotoka si karibu. Palikuwa na wakati ambapo kijana wa Visiwani aliyetaka shahada hakuwa na budi kuvuka bahari kwenda Makerere, au mbali zaidi ng'ambo. Hata Dar es Salaam, chuo kikuu kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, ilitangazwa hapa kwamba elimu itatolewa bila ya malipo, na skuli zikafunguliwa kwa watoto ambao wazazi wao hawakupata kushika kalamu. Mwaka 1979 ikaundwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni. Mwaka 1998 vikaanza vyuo viwili vya watu binafsi, kimoja Tunguu na kingine Chukwani. Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ikapitishwa mwaka 1999, na mwaka 2001 chuo hicho kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo. Mwaka 2023, Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ikafungua tawi huko Bweleo, na hilo likawa tawi la kwanza la taasisi hizo kufunguliwa nje ya India.

Hayo ni maendeleo ya kujivunia, na asiyeyaona ni yule asiyetaka kuona. Lakini maendeleo huzaa wajibu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Kwa maneno mengine, katika miaka 10 tumeongezeka kwa zaidi ya watu laki tano, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Wale waliokuwa wakikaa chini katika madarasa ya msingi wakati wa sensa ya kwanza ndio hawa wanaobisha hodi katika vyuo vikuu leo. Hawakuja ghafla. Tuliwahesabu sisi wenyewe, na kwa hiyo hatuna udhuru wa kusema kwamba hatukujua kuwa wanakuja.

Jambo la kwanza linalotupasa kulitazama ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliundwa mwaka 2011 ili mtoto wa maskini asiukose mlango wa chuo kwa sababu ya umaskini wa babake. Kazi hiyo ni njema, na vijana wengi waliosoma kwa mikopo hivi sasa wanafundisha katika skuli zetu na kutibu katika hospitali zetu. Hata hivyo, mkopo una tabia moja ambayo haifanani na misaada mingine: thamani yake hutegemea siku unapofika. Shilingi zinazofika juma la kwanza hununua chakula, daftari na nauli. Shilingi hizo hizo zikifika mwezi wa tatu, hukuta kijana amekwisha kukopa kwa jirani, ameuza simu yake, amekosa mihadhara, au amefunga mzigo na kurudi kwao. Kwenye vitabu vya hesabu itaonekana kuwa fedha imelipwa. Katika maisha ya yule kijana haikulipwa kitu.

Kwa hiyo tunatoa ombi lisilo na gharama. Orodha ya waliopata mikopo itangazwe kabla ya siku ya kuripoti, si baada yake, ili mzazi ajue mapema kama auze karafuu zake, au mbuzi, au ashukuru Mungu na kutulia. Posho ya kwanza ifike katika juma la kwanza. Na pale ambapo kuchelewa hakuepukiki, Bodi ikiandikie chuo barua, na chuo kisimzuie mwanafunzi kuingia darasani wala katika chumba cha mtihani kwa deni ambalo si yeye aliyelichelewesha.

Hapo hapo tunawageukia wale waliokwisha kuhitimu na kupata kazi. Mkopo haukuwa sadaka. Ulikuwa ni amana iliyotoka katika mfuko wa wananchi, wakiwamo wale ambao watoto wao hawakufika hata darasa la saba. Anayekula mshahara kila mwezi huku akikwepa kurejesha alichokopa anafunga nyuma yake mlango ambao yeye mwenyewe alifunguliwa. Haifai kulalamika kwamba Serikali haina fedha za kuwasomesha wadogo zetu, na fedha hizo zimo mifukoni mwetu.

Jambo la pili ni malazi. Dakhalia za vyuo vyetu haziwezi kuwachukua wanafunzi wote, na wengi hulazimika kupanga vyumba mitaani na katika vijiji vilivyo karibu na kampasi. Hapa tunasema kwa masikitiko kwamba wako wenye nyumba wanaoigeuza siku ya kufunguliwa chuo kuwa siku ya mavuno. Chumba kilichokodishwa kwa bei ya kawaida katika miezi ya likizo hupanda bei mara tu mizigo ya wageni inapoonekana, na mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa kike aliyetoka Micheweni, asiye na ndugu mjini, afanye nini? Atakubali chumba kisicho na kitasa. Au atakubali fadhila za mtu ambaye fadhila zake zina masharti. Wazazi wanalijua hili, na wapo wanaositasita kumruhusu binti yao aondoke nyumbani kwa sababu hiyo tu. Taifa likapoteza mwalimu, au daktari, kwa kukosa chumba chenye mlango madhubuti.

Dakhalia mpya zitajengwa kwa miaka. Lakini orodha ya vyumba inaweza kuandikwa kwa siku chache. Masheha wa shehia zilizo jirani na kampasi wanazijua nyumba zote na wenyewe. Vyuo vishirikiane nao kuvikagua vyumba, kuviandikisha, kukubaliana na wenyewe juu ya kodi ya haki inayolipwa kwa miezi michache michache, na kumkabidhi kila mwanafunzi mpya orodha hiyo kabla hajapanda chombo. Wenye nyumba nao wakumbuke kwamba mpangaji wa leo ni mtoto wa mwenzao, na kwamba watoto wao pia watakwenda kupanga kwa watu.

Jambo la tatu ni safari. Sisi ni watu wa visiwa, na kila jambo letu kubwa huanza au huishia gatini. Wanafunzi wanapotakiwa kuripoti siku moja, wote hujazana katika vyombo vya siku mbili au tatu, kutoka Mkoani na Wete kuja Unguja, pamoja na wasafiri wengine na mizigo yao. Hatuna haja ya kuambiwa na mtu hatari ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kuliko uwezo wake, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi tena. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama Skagit. Misiba hiyo ni somo ambalo tulilipia ada kubwa mno. Ni aibu kulisahau.

Dawa yake ni nyepesi. Siku za kuripoti zigawanywe kwa makundi, kila kitivo na siku zake. Wanafunzi wapya wa Pemba wakaguliwe vyeti vyao na kuandikishwa huko huko Pemba, ili yeyote mwenye upungufu katika karatasi zake asivuke bahari mara mbili kwa ajili ya muhuri mmoja. Na wasimamizi wa bandari wapewe mapema hesabu ya wanafunzi wanaotarajiwa, wasishtukizwe. Kwa upande wa nchi kavu, tunawaomba wanaosimamia usafiri wa abiria wahakikishe kwamba daladala za Tunguu hazikomi jua linapozama. Mhadhara wa jioni hauna maana kwa mwanafunzi anayeutumia wote kutazama saa, akihofu kulala njiani.

Jambo la nne linahusu yale yanayofundishwa. Kampasi ya Pemba isitazamwe kama banda la uani. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar; basi ni wapi panapofaa zaidi kusomea udongo, miche, maradhi ya mikarafuu na biashara ya viungo? Vivyo hivyo bahari. Tangu mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi yake ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, na wataalamu wameeleza jinsi joto la maji katika sehemu zisizo na kina linavyoudhoofisha mwani wa bei nzuri, hata ikabidi kulimwa katika maji marefu zaidi. Wanawake wanaoishi kwa mwani wanahitaji vijana waliosoma wawasaidie kuvuka taabu hiyo. Tunachoomba ni kwamba mwaka mpya usianze kwa kuongeza majina ya shahada tu, bali uanze kwa kuuliza: shahada hii itamtumikia nani, na maabara yake ina vifaa?

Najua watakuwapo wakubwa watakaosema kwamba hazina si kisima kisichokauka, na kwamba wananchi wanadai maji, barabara na hospitali kwa wakati mmoja. Hilo ni kweli, nasi hatulipuuzi. Lakini msomaji akirudi katika madai yetu ataona kwamba mengi hayahitaji fedha mpya. Kutangaza orodha mapema, kuandika barua, kukagua vyumba, kugawa siku za kuripoti, kuandikisha watu karibu na kwao: haya yanahitaji kalenda, na ofisi zinazosemezana. Upungufu wa fedha ni msiba; upungufu wa mpango ni uzembe, na hayo mawili tusiyachanganye.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Nafasi moja ya chuo kikuu ina macho ya wengi walioikosa. Kijana anayepokea posho na kuimaliza katika majuma mawili kwa anasa, akaingia darasani anapopenda na kunakili kazi za wenziwe, anamdhulumu mama aliyeinama majini asubuhi nzima akifunga mwani ili yeye asome. Chuo si mahali pa kwenda kungojea cheti. Waliotangulia wawapokee wapya kwa ukarimu, wawaonyeshe maktaba, zahanati na kituo cha gari. Na wazazi wasidhani kwamba kazi yao imekwisha siku walipompungia mtoto mkono gatini.

Wazee wetu walisema, dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo mnyonge ameachwa peke yake na upepo. Serikali, vyuo, masheha na wenye nyumba ndio mabaharia wa dau hili. Ifikapo siku ya kufungua vyuo, wakuu wa Wizara ya Elimu, Bodi ya Mikopo na vyuo vyenyewe wasiishie katika ukumbi wa sherehe. Waende gatini wakawaone vijana wanaoteremka, wawaulize watalala wapi usiku huo. Kila kijana akiwa na jibu, tutajua kwamba mwaka wa masomo umeanza vyema.