Saa Moja ya Kimya, Kila Mtu na Sura Yake



Juma hili tulitembelewa na mwalimu mmoja wa sekondari wa hapa Bumbuli, ambaye kwa miaka minne sasa anasomea shahada ya uzamili kwa njia ya masafa. Masomo aliyamaliza, mitihani akaifaulu. Kilichomshinda ni tasnifu. Alitueleza bila kutafuna maneno kwamba amepata mtu mjini wa kumwandikia kwa malipo, akataka kujua kama hiyo ni dhambi kubwa au ndogo. (Hakuyasema katika kitubio, naye ameturuhusu tuyaandike.) Tulimjibu kama ilivyotupasa. Lakini swali lililotukosesha usingizi ni jingine: mtu mwenye akili na bidii, ambaye ada yake imetoka katika fedha za chai na mboga, amefikaje hapo?

Kwa maneno yake mwenyewe, ni upweke. Mchana ni wa vipindi, jioni ni ya kusahihisha madaftari. Usiku akifungua kompyuta, sura ya pili iko pale pale alipoiacha wakati wa Pasaka. Msimamizi wake yuko Dar es Salaam. Wenzake wametawanyika Songea, Bukoba na kwingineko. Nyumbani hakuna anayejua mapitio ya maandiko ni kitu gani, wala kwa nini yanamnyima mtu furaha. Hali hii si yake peke yake. Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, watumishi wengi wamesoma bila kuacha kazi wala familia zao, na hilo ni jambo jema. Lakini kuandika wameachiwa wenyewe.

Ndiyo maana tunapenda kusema neno juu ya desturi iliyoenea sana tangu ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo mwaka 2020, nayo ni vikao vya kuandika kwa pamoja mtandaoni. Utaratibu wake ni mwepesi mno, hata mtu anaweza kuudharau. Watu watano au kumi hukutana kwa Zoom au kwa njia nyingine ya namna hiyo. Kila mmoja hutaja kwa sentensi moja atakachoandika. Kisha vipaza sauti huzimwa, na wote huandika kimya, pengine kwa dakika 25 na mapumziko ya dakika 5, kama alivyobuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwishoni kila mmoja hueleza alikofika. Hakuna mhadhara wala kusahihishana.

Watu hutuuliza: kuandika si kazi ya mtu mmoja? Kuna faida gani kumtazama mwenzako akiinamisha kichwa? Tunawajibu kwa msaragambo. Katika msaragambo, jembe la jirani halichimbi sehemu yako. Lakini ni nani asiyejua kwamba peke yake angekwisha kurudi nyumbani? Wabenedikti, ambao jirani zetu wa Soni wanawafahamu vema kwa ajili ya Sakharani, wamelijua hilo tangu karne ya 6. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48, inapanga saa za kazi na saa za kusoma, tena inaagiza mzee mmoja au wawili wazunguke wakati wa kusoma, waangalie asiwepo ndugu anayepoteza muda kwa porojo. Mtakatifu huyo hakuwadhania watawa wake kuwa wavivu kuliko watu wengine. Alimjua binadamu.

Wataalamu wa leo nao wameliona. Robert Boice wa Marekani, aliyechunguza uandishi wa wahadhiri, aliona kwamba wanaoandika kidogo kidogo kwa saa za kudumu humaliza kazi zao kuliko wanaongoja likizo ndefu. Rowena Murray wa Scotland amewakusanya wanataaluma katika chumba kimoja waandike kwa ratiba. Mtandao umefanya chumba hicho kiweze kufika hata milimani kwetu, pale mawimbi ya simu yanapokubali.

Tusidanganyane, hata hivyo. Bando ni fedha. Kamera zizimwe basi baada ya salamu. Na mtandao ukikatika, mtu aendelee kuandika, kwa kuwa kalamu haihitaji bando. Kikao hakimponyi msimamizi asiyesoma kazi ya mwanafunzi wake. Na akina mama wamekwisha kutukumbusha, kwa ukali kidogo, kwamba saa 2 usiku ni saa ya kulaza watoto. Wana haki, kikao kilichopangwa na wanaume watupu huwasahau.

Tunalishikilia jambo hili kwa sababu kinachopotea ni kikubwa kuliko cheti. Habari za Wakilindi waliotawala Usambara ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi, zikaanza kuchapwa mwaka 1895, nasi tunazisoma hadi leo. Mwaka 1974 Mmarekani Steven Feierman alichapisha kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa. Mwalimu wetu anaandika kuhusu wasichana wanaoacha shule katika kata anayoishi. Akimlipa mtu wa mjini, au akiiachia programu ya kompyuta imtungie, tutapata kurasa zenye jalada zuri kutoka kwa asiyewahi kuongea na msichana hata mmoja kati ya hao. Yale anayoyajua yeye yatabaki kichwani mwake.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na halmashauri ya walei, ukumbi wa parokia utakuwa wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 2 usiku, kwa walimu, waganga na wanafunzi wa dini zote. Walio mbali watajiunga kwa simu. Kwa akina mama, na kwa yeyote apendaye, kutakuwa na kikao cha mtandaoni saa 11 alfajiri siku ya Jumamosi. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, nazo zinatosha. Soketi za ukumbini ni nne tu, mje mmechaji.

Mwalimu amesema atakuja Jumanne. Ameahidi kuja na sura ya pili.