Kila Jaribio Litaje Linachokipima

Mwezi Februari chama chetu kilimwalika mzee mmoja wa Tanga, ambaye ameishi hapa Uingereza miaka mingi, aje kuzungumza nasi jioni. Mwaliko ulitumwa na programu tuliyoiandika wenyewe, ile inayogeuza saa za Kizungu kuwa za Kiswahili. Mkutano ulikuwa wa 19:00. Mwaliko ukasema saa moja asubuhi. Mzee aliamini alichosoma, akapanda basi la alfajiri. Saa moja na robo simu ya katibu ikalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanangu, nipo mlangoni, mbona pamefungwa?"

Tulipokaa kuitafuta kasoro tuliona jambo lililotuudhi kuliko kasoro yenyewe. Tulikuwa na majaribio 12 ya kugeuza saa, na siku ile yote yalikuwa ya kijani. Saa 13 kuwa saa saba mchana, sawa. Saa 19 kuwa saa moja usiku, sawa. Kumbe yote yalikuwa yakipima msimbo wa zamani. Mwenzetu alipopanga upya sehemu ya mialiko aliandika hesabu mpya katika faili nyingine, na ile ya zamani ikabaki pale pale, haiitwi na yeyote ila majaribio yake. Mlinzi alikesha, lakini alikuwa akilinda nyumba iliyohamwa.

Msimamo wetu ni huu: jaribio lisilotaja wazi linapima kipande gani cha msimbo lisihesabiwe kuwa jaribio. Jina la faili halitoshi. La kwetu liliitwa "saa", na kila aliyelisoma aliridhika.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba kompyuta yenyewe hutoa asilimia ya msimbo uliopitiwa na majaribio, basi tuitazame hiyo. Asilimia hiyo inaonyesha mistari iliyopitiwa tu. Mtu anayekatiza sokoni hajanunua kitu. Jaribio la kutuma barua pepe linaweza kupita ndani ya hesabu ya saa bila kuuliza jibu lake ni lipi, na mistari ile ikaandikwa kuwa imepimwa. PHPUnit, chombo cha kupima programu za lugha ya PHP, kina dawa rahisi: mwandishi huweka juu ya jaribio alama inayotaja kipande kinachopimwa, na mistari mingine iliyopitiwa njiani haiingii katika hesabu. Asilimia hushuka, ndiyo. Afadhali ishuke.

Asiyeona uzito wa jambo hili na amtazame Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo ya Ulaya iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti 4 za utafiti. Sekunde 30 hivi baada ya kuruka mitambo yake ya kuongoza mwelekeo ilizimika, na punde roketi ikapasuka angani. Programu ya mitambo hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, na huko ilikuwa imefanya kazi vizuri. Lakini Ariane 5 ilikwenda kwa kasi zaidi kuelekea upande, namba moja ikakua mpaka ikapita 32,767, kikomo cha nafasi iliyotengewa. Mtambo wa akiba nao ulikuwa na programu ile ile, ukafa kwa ugonjwa ule ule. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions iligundua kwamba katika majaribio ya mfumo mzima yaliyofanyika ardhini, mitambo halisi haikuwekwa. Iliwekwa programu ya kuigiza kazi yake. Kwa hiyo majaribio yalifanyika, yakafaulu, na msimbo uliokuja kuangusha roketi haukuguswa.

Watengenezaji wa programu za ndege hawaachiwi hiari katika hili. Mwongozo wao, DO-178C wa mwaka 2011, unataka kila jaribio lifungwe kwenye sharti linalolithibitisha, na sharti lifungwe kwenye msimbo, kwenda na kurudi.

Kuna hoja moja inayotusumbua, na hatutaificha. Ukilifunga jaribio kwenye kipande fulani cha msimbo, siku ukikipanga upya kipande hicho jaribio linakatika ingawa programu inafanya kazi vilevile. Ni kero kweli. Lakini kwetu kukatika kule ndiko tulikokukosa. Lau majaribio yetu yangelalamika siku ile faili mpya ilipoingia, mwenzetu angesimama dakika kumi akauliza, na mzee angekuwa amelala kwake.

Namna ya kuhakiki kwamba kamba imefungwa kweli nayo si ngeni. Richard Lipton aliipendekeza mwaka 1971 akiwa bado mwanafunzi kama sisi. Unaharibu msimbo kwa makusudi, unaweka kutoa mahali pa kujumlisha, kisha unaendesha majaribio. Lisiloshtuka halilindi kitu. Wiki iliyopita tuliyahamishia majaribio yetu 12 kwenye msimbo unaotumika, tukauharibu, na 3 yakabaki ya kijani. Tumeyafuta, tunayaandika upya, na tunaomba kila anayeleta msimbo chamani afanye hivyo kabla ya kuuleta.

Mzee tumemwalika tena mwezi ujao. Safari hii katibu amempigia simu.