Neno la Mhariri: Mchoro wa Amonaiti ni Hoja

Amonaiti, wanyama laini wenye gamba, waliishi baharini kwa zaidi ya miaka milioni 300, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Magamba yao yaliyogeuka mawe yako katika makumbusho mengi, na miamba ya Mombasa ya enzi ya Jurasiki inayo pia. Lakini mwili laini uliokaa ndani ya gamba ni nadra sana kuhifadhiwa. Anayetaka kumchora amonaiti akiwa hai lazima aamue mwenyewe: minyiri mingapi? Macho gani? Ngozi ya rangi ipi? Toleo hili linashikilia kwamba kila uamuzi wa namna hiyo ni hoja ya kisayansi, na mchoraji awe tayari kuitetea.

Mwaka 1830 mwanajiolojia Henry De la Beche alichora Duria Antiquior, bahari ya kale ya kusini mwa Uingereza, akitegemea visukuku vilivyochimbuliwa na Mary Anning huko Lyme Regis. Amonaiti wake wanaelea juu ya maji. Enzi hizo wengi waliamini kwamba agonauta, pweza mwenye gamba jembamba, husafiri kwa kutweka minyiri yake, na amonaiti akavikwa imani hiyo hiyo.

Baadaye wachoraji walimgeukia nautilasi, kwa kuwa ndiye aliye hai na ana gamba linalofanana. Wakampa amonaiti makumi ya minyiri na kifuniko kinene cha nyama juu ya kichwa. Kumbe kwa nasaba amonaiti yuko karibu zaidi na ngisi na pweza: mpangilio wa meno ya ulimi wake ni kama wao. Hata kijusi cha nautilasi huanza na vichipukizi kumi tu vya minyiri. Ndiyo maana minyiri kumi ni kisio lenye nguvu kuliko hayo makumi.

Visukuku vipya vinazidi kutubana. Mwaka 2021 watafiti walieleza amonaiti wa eneo la Solnhofen, Ujerumani, aliyehifadhiwa bila gamba lake. Viungo vya ndani vinaonekana, minyiri haimo. Mwingine wa Gloucestershire, aliyepigwa picha kwa eksrei na nyutroni, ameonyesha misuli ya kujivutia ndani ya gamba na mrija wa kusukumia maji.

Kwa hiyo kila mchoro wa toleo hili umeambatana na maelezo yanayotenganisha mambo matatu: kilichoonekana kwenye jiwe, kilichokisiwa kutokana na jamaa walio hai, na kilichobuniwa na msanii. Ubunifu hatuukatazi, hakuna anayeweza kuchora ngozi isiyo na rangi. Tunachokataa ni ubunifu uliofichwa, kwa sababu mtoto hukumbuka picha miaka mingi baada ya kusahau maandishi yaliyokuwa chini yake, na mchoraji wa kesho hunakili kosa la jana akidhani ni ushahidi. Msanii anayetaja msingi wa kila mstari wake humpa mtafiti kitu cha kupima, na akikosolewa, elimu husonga mbele.